Kwa mabinti mnaotafuta dawa ya mapacha

Wanangu na wajukuu zangu, hamjambo?

Naona mnavyoulizana ni mzizi gani, kidonge gani, kinacholeta Kulwa na Doto. Ya mizizi nayaacha. Kinachoniudhi ni kauli inayofuatia: kwamba aliyejifungua mapacha ndiye mwenye uzazi hasa, na azaaye mmojammoja ana upungufu.

Hata wasomi waliwahi kuelekea huko. Mwaka 2011 zilichapishwa habari za wanawake karibu 59,000 wa Utah, Marekani, waliozaliwa kati ya 1807 na 1899. Waliopata mapacha walikuwa na watoto wengi kuliko wenzao, waliwapishanisha kwa muda mfupi, walichelewa kukoma kuzaa na waliishi zaidi. Ukiishia hapo utasema pacha ni dalili ya mwili imara.

Msiishie hapo. Tuseme katika kila uzazi 100, mmoja ni wa mapacha. Aliyejifungua mara mbili ana nafasi kama 2 katika 100 ya kuwapata. Aliyejifungua mara kumi ana nafasi karibu 10. Ni bahati nasibu: mwenye tiketi nyingi akishinda, usiseme ushindi ndio uliomnunulia tiketi. Mwaka 2022 watafiti wengine walirudia hesabu hiyo kwa uzazi zaidi ya 100,000 wa Ulaya, kuanzia 1700 hadi 1899. Walipozingatia idadi ya mara ambazo kila mama alijifungua, mambo yaligeuka. Wenye mwelekeo mkubwa wa kupata pacha walijifungua mara chache kuliko wenzao! Basi huo uzazi mnaousifia uko wapi?

Chakula nacho kina neno lake. Finland ya kati ya 1752 na 1850, watu wa visiwani walikuwa na samaki wa kutegemea mwaka hadi mwaka, ilhali bara waliishi kwa kilimo, na mavuno yakikosa njaa inaingia. Visiwani, mama wa mapacha ndiye aliyefanikiwa kuacha watoto wengi waliofika utu uzima. Bara, aliyezaa mmojammoja alimtangulia. Nchi moja, dini moja, baridi ileile.

Kwa hiyo anayeomba wawili ajiulize kwanza kuhusu sufuria, na kuhusu mume atakayeamka usiku. Mama wakwe nao wanyamaze kidogo.

Na wewe uliyekwisha kuonekana una wawili, hongera sana. Wahi kliniki, usikose miadi, maana mapacha hupenda kuja kabla ya siku zao na njiti hahitaji ushujaa wa mtu, anahitaji joto na wahudumu. Mkunga akikuelekeza kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, nenda. Usimjibu kwamba bibi yako alijifungulia pacha nyumbani.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu