Watu wa mawe madirishani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Wiki hii dada yako alinipandisha treni mpaka Bourges, katikati ya Ufaransa. Baridi ilinikaba mpaka kwenye kucha, lakini nimeona nyumba ambayo wewe na usanifu wako mngeikodolea macho siku nzima.

Ilikuwa ya Jacques Cœur, tajiri ambaye merikebu zake zilikwenda mpaka Misri na Shamu kuleta viungo na hariri. Alianza kuijenga mwaka 1443, kwa mtindo wa Kigothi. Nyuma ameiegemeza kwenye ukuta wa kale wa Warumi, kwa hiyo ukipita upande huo utadhani ni ngome. Mbele ni mambo mengine kabisa. Juu ya lango, huku na huku, kuna madirisha mawili ya uongo. Mwanamume na mwanamke wa mawe wamejitokeza nusu kiwiliwili, wanachungulia njiani kama majirani zetu wa uchochoroni. Nilisimama pale kama nangoja salamu. Dada yako akacheka mpaka akakohoa.

Ukiingia uani, ngazi za mzunguko zimejengewa minara yake, na juu ya mlango pamechongwa kinachokungoja ndani. Mlango wa jikoni una wapishi, wako motoni na kazi yao. Hata asiyejua kusoma hapotei! Na kila unapogeuka, mioyo na makombe ya baharini: Cœur kwa Kifaransa ni moyo, na kombe ni alama ya Mtakatifu Yakobo, yaani Jacques. Mzee alijipenda, tusifichane. Ila palipo na bafu la mvuke namsamehe.

Kilichonishika hasa ni dari ya ukumbi mmoja mrefu, ya mbao tupu, imepinda kama jahazi lililofudikizwa ufukoni. Nilihisi niko nyumbani.

Jacques hakuifaidi nyumba yake. Alikuwa mtunza hazina wa Mfalme Charles VII, tena akamkopesha fedha za vita vya Normandy. Mwaka 1451, nyumba mbichi, mfalme huyohuyo akamkamata. Mwaka 1454 alitoroka gerezani, akafia kisiwani Chios mwaka 1456.

Nimekupigia picha za ule mlango wa jikoni. Mbili zina kidole changu. Zilizobaki zichore, unitumie.

Baba yako