Lahaja hazipimwi kwa orodha ya maneno pekee

Mhariri,

Husikia watu wakisema lahaja fulani "inafanana na Kiswahili sanifu kwa asilimia kadhaa", nami hujiuliza kilichopimwa ni nini hasa.

Mamangu ni mzaliwa wa Lamu. Likizo iliyopita alimwita mjukuu wake aliyekulia Nakuru: "Ndoo!" Mtoto akakimbilia bafuni, akarudi na ndoo ya maji. Bibi alicheka hadi machozi. Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, "ndoo" ndiyo njoo, "ndia" ni njia na "mato" ni macho.

Sasa chukua ile orodha ya maneno 100 ya msingi aliyoiunda Mmarekani Morris Swadesh, ambayo wataalamu huitumia kupima undugu wa lugha. Njoo, njia na macho yote yamo. Kwa kuwa maneno hayo ya Kiamu na ya Kiswahili sanifu yana asili moja, Kiamu kitapata alama zote tatu. Mtoto naye ameshaleta ndoo!

Kuna jingine. Mamangu humwelewa huyo mtoto bila shida, kwa sababu redio na shule zimemzoesha mama Kiswahili kilichojengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Mtoto hana aliyemzoesha Kiamu. Basi umbali wa Lamu hadi Nakuru si sawa na wa Nakuru hadi Lamu, na hilo asilimia moja haiwezi kulisema.

Wapimaji watuwekee sauti za wazee, watoto wasikilize, ndipo wahesabu.

Msomaji wenu,
Mombasa