Orodha yenu ya Waaustralia ina farasi, Florey hayumo

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala ya gazeti lako kuhusu Waaustralia mashuhuri katika historia, nikairudia kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Waigizaji wapo. Waimbaji wapo. Wachezaji wa kriketi na tenisi wamejaa tele. Jambazi Ned Kelly, aliyenyongwa Melbourne mwaka 1880, kapewa aya mbili nzima. Na katikati yao yumo Phar Lap. Phar Lap ni farasi, Ndugu Mhariri. Tena farasi mwenyewe kazaliwa New Zealand.

Sina ugomvi naye. Alishinda mbio za Melbourne Cup mwaka 1930, na Waaustralia wanampenda kiasi kwamba moyo wake, wenye uzito wa kilo 6.2, umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa kule Canberra. Lakini orodha ya watu inapompa nafasi farasi wa New Zealand, halafu ikakosa hata Mwaborijini mmoja, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, hapo mwandishi wenu alikuwa na haraka zake.

Mimi naishi Adelaide na kazi yangu ni maabara, upande wa kuotesha bakteria. Basi mtaniwia radhi nikimtanguliza mtu wa fani yangu. Howard Florey alizaliwa hapa Adelaide mwaka 1898, akasomea udaktari katika chuo kikuu cha hapa hapa, kisha akaenda Oxford. Muulize mtu yeyote penisilini ni kazi ya nani, atakujibu bila kufikiri: Fleming. Ni kweli Alexander Fleming ndiye aliyeona, mwaka 1928 jijini London, kwamba ukungu ulioingia kwenye kisahani chake umeua bakteria. Aliandika alichokiona, akahangaika nao kidogo, akauacha. Dawa ya kumchoma mgonjwa haikuwepo. Zaidi ya miaka kumi baadaye ndipo Florey na mwenzake Ernst Chain, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, walipoufufua utafiti huo Oxford.

Jumamosi ya tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya wanane bakteria wa kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa hivi hivi. Norman Heatley, fundi wa kila kitu katika timu ile, alikesha nao. Kabla ya kupambazuka wale wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote, na wale waliopewa wako hai. Siku zile zile jeshi la Uingereza lilikuwa linarudishwa nyuma hadi ufuoni Dunkirk, Ufaransa. Watu wa Florey, wakihofia Wajerumani watavuka bahari, walijipaka mbegu za ule ukungu kwenye bitana za makoti yao, ili hata wakikimbia mikono mitupu kazi isipotee.

Na walioteshea wapi? Vita ilikuwa imekausha kila kitu, vifaa havinunuliki. Walitumia makopo ya biskuti, madumu ya maziwa, na vyombo vya kujisaidia wagonjwa kitandani, ambavyo vilifaa kuliko vyote kwa sababu ni vipana na havina kina. Heatley alichora chombo cha kauri kwa kufuata umbo lile lile, kikatengenezwa kwa mamia, na wasichana wakaajiriwa kukitunza. Nikiwa kazini na visahani vyangu vya plastiki vinavyokuja vimeshasafishwa na kufungwa, nawafikiria sana wasichana wale.

Mwezi Februari 1941 walianza kumtibu askari polisi, Albert Alexander, ambaye vijidudu vilikuwa vimemla uso hadi jicho moja likaondolewa. Akapata nafuu ya ajabu. Dawa ikaanza kupungua, wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaichuja penisilini iliyotoka nao, wanamchoma tena. Ikaisha. Akafa mwezi Machi. Baada ya hapo Florey na Heatley walipanda ndege kwenda Marekani kutafuta viwanda, kwa kuwa vya Uingereza vilikuwa vimeelemewa na vita.

Sasa kwa nini sifa zilikwenda kwa Fleming? Hapa ndipo penye utamu, na pananihusu mimi na wewe, Ndugu Mhariri. Mwezi Agosti 1942 gazeti la The Times la London liliandika habari za penisilini bila kutaja jina la mtu. Mkubwa wake Fleming, Sir Almroth Wright, akachukua kalamu, akamwandikia mhariri kwamba taji ni la Fleming. Ndiyo, barua kwa mhariri, kama hii. Waandishi wakamiminika hospitalini kwa Fleming, naye akawapokea. Profesa mmoja wa Oxford aliandika naye kumtetea Florey, lakini Florey mwenyewe alikuwa hataki kuwaona waandishi mlangoni kwake, aliona ni kujitangaza. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 waligawana watatu, Fleming, Florey na Chain. Kwenye vinywa vya watu ikabaki kwa mmoja. Mnaposema mnaandika historia ya watu mashuhuri, mara nyingi mnaandika historia ya waliofungua mlango.

Kutoka hapo siwezi kuuruka mji wa Perth. Robin Warren alikuwa mtaalamu wa kuchunguza vinyama vya wagonjwa katika Hospitali ya Royal Perth. Mwaka 1979 aliona vijidudu vilivyopinda kwenye kinyama cha tumbo, mahali ambapo vitabu vilisema hakuna bakteria anayeweza kuishi kwa sababu ya tindikali. Barry Marshall, daktari kijana, akaungana naye. Wakajaribu kuviotesha kwa wagonjwa zaidi ya 30, wapi! Sisi wa maabara tuna kawaida, kisahani kisichoonyesha kitu baada ya siku mbili kinatupwa. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982 ikaingia, watu wakaenda mapumziko, visahani vikabaki ndani vikiwa vimesahauliwa. Waliporudi, vimeota. Kumbe mdudu yule ni mvivu wa kukua, anataka siku kadhaa.

Mabingwa hawakuamini kwamba mdudu huyo ndiye anayeleta vidonda vya tumbo. Waliendelea kusema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na tindikali, na wagonjwa wakaendelea kukatwa matumbo. Mwaka 1984 Marshall akachanganya bakteria hao kwenye kikombe, akawanywa. Hakuiomba ruhusa kamati yoyote, na mkewe alikuja kuambiwa mume akiwa tayari anatapika. Walipomchungulia kwa mpira wa kuonea ndani ya tumbo, tumbo lililokuwa zima limevimba, limejaa bakteria. Simshauri mtu kufanya hivyo, na bosi wangu akisoma barua hii ajue hivyo. Nobel yao ilikuja mwaka 2005. Moja ya dawa anazoandikiwa mgonjwa mwenye bakteria huyo hadi leo ni amoksilini, ambayo ni ya ukoo wa penisilini. Florey na Marshall wanakutana kwenye pakiti moja ya vidonge, na wote wawili hawamo kwenye makala yenu.

Florey walau aliwekwa kwenye noti. Noti ya dola 50 iliyotoka mwaka 1973 ilikuwa na sura yake. Mwaka 1995 ilikuja ya plastiki yenye watu wengine wawili. Upande mmoja yupo Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika bunge lolote la Australia, mwaka 1921 kule Australia Magharibi. (Toleo la 2018 lina kipande cha hotuba yake kwa maandishi madogo sana, na neno moja limekosa herufi. Noti zipatazo milioni 46 zilichapwa hivyo. Nawaambia haya mjifariji siku mnapokosea na nyinyi.)

Upande wa pili yupo David Unaipon, Mwaborijini wa kabila la Wangarrindjeri, aliyezaliwa mwaka 1872 ukingoni mwa Ziwa Alexandrina, katika misheni ambayo leo inaitwa Raukkan. Mwaka 1909 alisajili ubunifu wa kuboresha mashine ya kunyolea kondoo, ukataji wake uende kwa mstari ulionyooka. Katika nchi iliyokuwa ikiishi kwa sufu ya kondoo, huo ulikuwa utajiri. Lakini alikosa fedha za kuutetea ubunifu wake, haki ikamponyoka, wengine wakafaidi. Akakusanya hadithi za mababu zake. Zikachapwa London mwaka 1930 kwa jina la daktari wa kizungu, jina la Unaipon halimo. Kitabu kilitoka kwa jina lake mwenyewe mwaka 2001. Alikuwa amefariki tangu 1967. Mimi ningemwondoa Ned Kelly bila kuomba ushauri, nikamweka huyu.

Na Eddie Mabo je? Mtu wa kisiwa cha Mer, katika mlango bahari wa Torres, alikuwa mtunza bustani katika chuo kikuu cha Townsville. Siku moja akizungumza na wanahistoria wawili wa pale, wakamwambia kwamba shamba la wazee wake kisheria ni mali ya Serikali. Hakuelewa, ardhi waliyoirithi baba kwa mwana inakuwaje ya mwingine? Yeye na wenzake wanne walifungua kesi mwaka 1982. Tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ikaifuta dhana kwamba Australia haikuwa na mwenyewe Waingereza walipofika. Mabo alikuwa amekufa kwa saratani Januari ya mwaka ule ule. Mwaka 1995 kaburi lake Townsville likaharibiwa na watu wasiojulikana, familia ikamhamisha kwenda kumzika kwao Mer. Sijui mnahitaji umaarufu gani zaidi ya huo.

Daktari Catherine Hamlin wa Sydney nitamtaja kwa kifupi, kwa sababu huyu ndiye aliyekuja kwetu Afrika. Alifika Addis Ababa na mumewe mwaka 1959, mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula, na alibaki huko huko Ethiopia mpaka alipofariki mwaka 2020 akiwa na miaka 96. Gazeti la Afrika Mashariki kumsahau huyo, jamani!

Upande wa michezo sikatai. Bradman wa kriketi na wastani wake wa 99.94 mwacheni alipo. Ila pale mlipoweka tenisi tupu pangemtosha Peter Norman, aliyeshika nafasi ya pili mbio za mita 200 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na juu ya jukwaa akavaa beji ya haki za binadamu pamoja na Tommie Smith na John Carlos, wale Wamarekani weusi walioinua ngumi. Michezo ya 1972 hakupelekwa. Bunge la Australia lilimwomba radhi mwaka 2012, miaka sita baada ya Smith na Carlos kulibeba jeneza lake. Muda wake wa sekunde 20.06 ulibaki rekodi ya taifa hadi Desemba 2024, ulipovunjwa kwa 20.04 na mvulana wa miaka 16, Gout Gout, ambaye wazazi wake walitoka Sudan Kusini. Mkiandaa sehemu ya pili najua mtamkimbilia huyo. Mwacheni kwanza akimbie, msije mkamvika kilemba cha ukoka mapema.

Msomaji wenu,
Adelaide, Australia Kusini