Mkuu wa shule, bushi ya pampu yako aliichonga nani?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelinunua tangu enzi za ving'ora vya zamu za viwandani hapa Morogoro, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila ile habari ya wiki jana, ya mgeni rasmi kuwataka wanafunzi "wachangamkie fursa za viwandani", imenishinda. Picha mmeipamba kweli. Kofia ngumu ya mheshimiwa bado ina karatasi ya bei.

Mimi ni mkereza vyuma, yaani nachonga vyuma kwenye mashine inayovizungusha. Nilisoma Ifunda, wakati Ifunda, Moshi, Tanga na Mtwara zikiitwa shule za ufundi na hakuna aliyecheka. Wiki mbili za kwanza mashine hugusi. Unafunga kipande cha chuma kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, unakipiga tupa, mwalimu anakibana na skwea, kipimo cha pembe mraba, na kukiinua dirishani. Mwanga ukipenya kati yake na skwea, hakijanyooka, unarudi kwenye jiriwa na malengelenge yako.

Sasa sikiliza. Mwaka jana pampu ya kisima cha sekondari moja hapa kwetu ilikwama. Bushi, ile pete ndefu inayoshika shafti, imelika, shafti inayozunguka ndani yake inacheza, watoto wanapishana na ndoo asubuhi hadi jioni. Wakaambiwa spea inaagizwa Dar, wasubiri. Mkuu wa shule akaniletea shafti imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nikatafuta kipande cha shaba, nikapima kwa vernia, kipimo cha sehemu ndogo za milimita, nikakereza, nafasi ya mafuta nikaacha milimita 0.05, na jioni ile ile maji yakapanda. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Miezi miwili baadaye nimekaa kwenye mahafali ya mjukuu wangu, shule ile ile, mkuu yule yule kashika kipaza sauti: "Msiposoma mtaishia VETA!" Watu wakaangua kicheko, wazazi kwa watoto. Mimi nipo mstari wa tatu, mikono yangu yenye makovu ya chembe za moto nimeificha mapajani, na nyuma ya jukwaa naliona tangi linafurika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na hadi leo kazi ya jina lake ni kutishia watoto, kama zimwi!

Halafu mnashangaa vijana hawaendi. Mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi sekondari, ulipoanza 2024 nilifurahi, nikajua sasa mambo. Mtoto wa jirani akanionyesha daftari lake: mashine ya kukereza imechorwa vizuri sana, kwa rangi, kutoka ubaoni. Yenyewe hajaiona.

Na akifika huko kiwandani? Kibarua wa kutwa, mkataba hana, glavu anakatwa kwenye ujira, na getini mlinzi anamuuliza katumwa na nani. Hilo mwandishi wenu hakumuuliza mheshimiwa. Wala hakumuuliza watoto wake wanasomea nini.

Ushauri wangu ni mdogo. Kabla mgeni rasmi hajapewa kipaza sauti, apewe jiriwa, tupa na kipande cha chuma cha milimita 50 kila upande. Akikitoa mraba, ahutubie. Mwanga ukipenya, aendelee kupiga tupa, sisi tutasubiri, viti si vimeshakodiwa? Tupa ninazo tano, naazima bure. Ila zirudi.

Mkereza mstaafu,
Kihonda, Morogoro