Barua kwa mwanangu: Ule mwezi wako

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Baba yako mgongo bado unamsumbua, lakini kula anakula.

Hadithi yako imefika. Mdogo wako alinisomea jana nikiwa naanika dagaa, yeye kakalia ndoo, kanga kichwani kwa ajili ya jua. Tukafika pale binti anapoagana na mchumba wake ufukweni, mwezi mpevu unang'aa, na taa za wavuvi zimetapakaa ziwani. Nikamwambia rudia. Akarudia. Mwanangu, si umezaliwa hapahapa? Dagaa anafuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka watu wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Mwezi huo hukuuona Kibirizi, umeuokota kwenye vitabu vya watu. Ukiutaka sana, basi kijana yuko nyumbani siku ya saba, mfukoni hana hata mia, na ndiyo sababu ya kuondoka. Au waagane gizani, asiuone uso wake, asikie kikohozi tu.

Halafu huyo kijana mbona anagombana kama mtangazaji wa taarifa ya habari? "Nimeghadhibishwa mno na kauli yako." Nani Kigoma anasema hivyo akiwa na hasira?

Unasema umekwama sura ya tatu. Mdogo wako kanionyesha kaunta buku zako ulizoacha chini ya kitanda: nne, kila moja ina kurasa kumi hivi za mwanzo, kisha weupe mtupu. Kila ukichoka unaanza upya, na mwanzo ni mtamu, najua. Hii usiianze tena. Iandike mpaka mwisho hata ikiwa mbovu, mwezi utautoa baadaye.

Mchapishaji aliyekaa na ule mswada wako mwingine miezi saba bila kujibu, mpigie mara moja, kwa adabu. Akinyamaza tena, peleka kwingine.

Sasa kuna la aibu. Jirani wa mlango wa pili alikuwa anasuka barazani, akasikia habari za mwanamke anayepimia wateja dagaa kwa kopo lililobondwa kitako. Amenuna mpaka leo, salamu yangu anaijibu akiangalia ukuta. Lakini hapo ndipo nilipoacha kuanika nikasikiliza, maana lile kopo nalijua, limeninyima dagaa mara nyingi. Kwa hiyo usilifute kwa kuogopa majirani. Mwanamke mpe jina jingine, mhamishie Katonga, mwongezee mume mlevi na watoto wawili. Mimi huku nitambembeleza mwenzangu kwa mawese.

Wingu linajikusanya upande wa Kongo, naenda kuanua. Nimekufungia kilo mbili, zinakuja na basi la kesho. Hazikupimwa kwa lile kopo.

Mama yako