Kwa thrila adui ni mgonjwa ama ni sisi wa Eastleigh

Mhariri,

Huyo mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani ana kalamu, sikatai, lakini kila akisifia thrila, hizi muvi za kusisimua, anasema tu ati imemshika roho, haulizi ni nani amefanywa adui. Mi hilo ndilo naanza nalo.

Chukua Split ya 2016. Kevin ana nafsi 23, anateka wasichana watatu, halafu ya 24 inatokea na ni mnyama, anapanda ukuta na kula watu. James McAvoy ameigiza huyo Kevin vizuri ajabu, hiyo nampa. Lakini ugonjwa wenyewe, wa mtu mmoja kuwa na nafsi nyingi, uko kweli, na wengi walio nao waliumizwa wakiwa watoto wadogo, sasa mtu akitoka kuona hiyo muvi halafu akutane na mmoja wao ataona mgonjwa kweli? Na hii tabia ni ya zamani, Hitchcock kwa Psycho ya 1960 watu wakishakufa analetwa daktari mwishoni aeleze kichwa cha muuaji, kesi imeisha twende nyumbani. Wanaotibu hawa watu wanasema mgonjwa ana hatari zaidi ya kuumizwa kuliko kuumiza, lakini hiyo si ya kuuza tikiti. Joker ya 2019 angalau ilionyesha Arthur, huyo Joker mwenyewe, akikosa dawa juu jiji limekata pesa za huduma, hapo nilikaa wima, ila kufika hapo si ashaua watu kwa treni. (Na hawa ma-DJ wetu wa kutafsiri muvi wanaongeza chumvi, adui akicheka tu, "chizi huyo!")

Sasa sisi wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, hii hesabu ya kufanywa adui tunaijua. Kuna Eye in the Sky ya 2015, hadithi imewekwa hapa kwetu lakini ikapigwa Afrika Kusini, na humo wanamgambo wenye bunduki ndio wanatawala barabara mchana kweupe. Eastleigh gani hiyo jameni? Hapa ni mall juu ya mall, mikokoteni, mvua ikinyesha ni matope mpaka magoti, Wameru na miraa yao, akina mama wametoka kaunti za mbali kununua mashuka ya jumla na wanabishana bei mpaka jioni. Barkhad Abdi, Msomali, amepewa kucheza jasusi mzuri wa Kenya, sawa, lakini huyo mmoja ataubeba mtaa mzima aje? Msione ni muvi tu. 2014 wakati wa Usalama Watch, ule msako wa polisi wa kutafuta magaidi, watu walizolewa huku kwetu wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na najua polisi hawakutumwa na Hollywood, ila mtu ambaye Eastleigh ameijulia kwa skrini peke yake hatashtuka akisikia hivyo, ataona ni sawa tu.

Na Mathari ni hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1910, lakini kwa matatu mkigombana na makanga juu ya chenji atakuuliza kama umetoroka huko, na gari nzima inacheka.

Ombi langu ni dogo. Thrila ikiwa na mgonjwa wa akili, mpeni nesi wa Mathari mistari minne kando ya zile nyota zenu za kupima muvi. Ikiwa ni ya huku kwetu, tafuteni mama mwenye duka. Wanaona muvi pia hao, na wana maneno.

Mkazi wa Eastleigh,
Nairobi