Risala ya Walezi na Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Watoto Wetu, Kirumba, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu Afisa Ustawi wa Jamii, mwenyekiti wa mtaa, mabalozi, bibi na babu zetu, wazazi, majirani na nyie watoto wetu mliovaa majoho leo, wakubwa zetu shikamooni na wengine habari za saa hizi. Karibuni sana Kirumba. Mimi ni anti hapa kwenye kituo chetu cha kulelea watoto, chumba cha wadogo, wale wa mwaka 1 kwenda 2, na nimetumwa na walezi wenzangu na wazazi nisome haya tuliyokaa juzi usiku tukayaandika.

Mafanikio tutayasema kwa kifupi. Watoto 19 leo wanatuaga wanaenda darasa la awali, wote kadi zao za kliniki zimekamilika mpaka ile chanjo ya pili ya surua rubela ya miezi 18, na huu mwaka mzima hatujapata mlipuko wa kuhara kwenye kituo. Wazazi mmechanga, tanki la maji lipo, mtungi wa zimamoto upo. Tunashukuru, wabeja sana.

Sasa mgeni rasmi kuna jambo moja tumekubaliana walezi wote tuliseme mbele yako, na wazazi tumewaambia mapema wasije wakashtuka. Tunaomba uje kutukagua bila kutupigia simu. Uje mara nyingi kuliko unavyokuja sasa, na uje siku ambazo tumejaa.

Nianze na yangu mwenyewe. Kabla sijaja hapa nilifanya kazi kituo kingine hapa hapa jijini, sitakitaja. Pale taarifa ya ukaguzi ilikuwa inafika kabla ya mkaguzi. Siku mbili kabla bosi anatuambia jamani keshokutwa wanakuja, basi hapo ni kusugua sakafu mpaka usiku, magodoro yanaazimwa kwa majirani, zinanunuliwa ndoo zenye mifuniko, poti mpya zinapangwa mstari hata stika za bei hazijabanduliwa, alafu wale watoto wanaozidi idadi iliyoandikwa kwenye usajili wanatolewa asubuhi asubuhi wanapelekwa nyumba ya tatu wakakae huko mpaka wageni waondoke. Mimi ndo nilikuwa nawashika mkono. Walikuwa 14. Tukawa tumekaa kwenye chumba kimoja chenye dirisha dogo, giza, nawaimbia kwa sauti ya chini ili wasilie, na kuna kasichana kamoja ka miaka mitatu kakaniuliza, anti tumekosa nini? Nilikosa jibu siku ile na mpaka leo nikikumbuka nalikosa. Huku nyuma fomu inajazwa, safi, safi, safi, inasainiwa, na jioni magodoro yanarudi kwa wenyewe.

Kwaiyo mgeni rasmi wewe ulipokuja hapa mara ya kwanza bila taarifa, saa 1 asubuhi, wenzangu waliogopa lakini mimi nilifurahi huku mikono inatetemeka. Tulikufutia kiti hukukaa. Ulivua viatu, ukaweka pochi mezani, ukapiga magoti ukaanza kutembea kwa magoti kuzunguka chumba cha wadogo, ukuta hadi ukuta, na hakuna aliyewahi kutufanyia hivo. Ukawa unaangalia pale pale macho ya mtoto wa mwaka mmoja yanapoishia. Sisi tumepita mle ndani kila siku tumesimama, tunafagia, tunapanga, na hatukuwahi kuona kwamba soketi ya nyuma ya kabati imepasuka, wala kwamba chini ya ule mkeka wa kona kuna betri ya duara, ndogo, ile inayokaa kwenye rimoti. Uliiweka kwenye kiganja ukatuonyesha mmoja mmoja. Ukasema hii mtoto akiimeza ikakwama kooni inamuunguza kwa masaa machache tu, akianza kutokwa mate mengi na kukataa kula nyie mtafikiri ni meno yanaota.

Tukatoka uani. Pale kulikuwa na ndoo ya lita 20 ya kuloweka nepi, maji nusu, haina mfuniko, na tulikuwa tunaiona kila siku. Ukatueleza mtoto wa umri ule kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinamia ndoo akatumbukia hawezi kujiinua, na hata maji ya kina cha vidole vitatu yanatosha kumuua, tena kimya kimya hapigi kelele. Sisi watu wa ziwani tunaogopa ziwa jamani, tunawatisha watoto wasisogelee mwaloni, tunawaambia kuna mamba, kuna kichocho, na ndoo yetu iko mlangoni kwa chumba cha kulala.

Jikoni ulikuta chupa ya soda ina mafuta ya taa ya kuwashia mkaa, kizibo chake cha soda kile kile. Hapo uligeuka ukatuuliza, mtoto akinywa hii mtafanyaje? Tukajibu wote kwa pamoja kwamba tunampa maziwa na kumtapisha. Ukatuambia hapana, asitapishwe kabisa, akitapika yale mafuta yanaingia kwenye mapafu, akimbizwe hospitali moja kwa moja na chupa yenyewe mkononi ili daktari aione. Watu wazima watano, wote tuna watoto wetu, wote tulikuwa tunajua kinyume. Na jiko la mkaa pia tulikuwa tunaliingiza ndani kwenye korido mvua ikinyesha, sababu jiko la nje linavuja, tunaona tunawasaidia watoto wapate na joto, kumbe ile hewa ya mkaa haina rangi wala harufu na mtoto anayekufa nayo anaonekana kama amelala vizuri tu. Korido yenyewe ndo inayoingia chumba cha kulala.

Alafu ukafika mlango wa nyuma. Nataka wazazi wasikie hii vizuri maana siku ile hamkuwepo. Ukauliza huu mlango ni wa nini? Mkuu wetu wa kituo akajibu ni wa dharura. Ukasema haya, ufungue. Kulikuwa na kufuli. Tukaanza kutafuta ufunguo, kwenye droo haupo, kwenye msumari haupo, tukampigia dada wa jikoni simu kumbe ufunguo uko kwenye mkoba wake na yeye ameenda sokoni kununua nyanya. Wewe ulikuwa umesimama tu pale mlangoni unaangalia saa yako, hukusema kitu. Dakika 25 mpaka dada alipofika anahema. Ndani kulikuwa na watoto 46.

Hukutufokea. Ulikaa chini sasa, kwenye kile kiti, ukaandika mambo 11, ukatuwekea na tarehe kila moja, mengine siku ile ile kabla hujaondoka, mengine wiki mbili, mengine mwezi. Kufuli liliondoka ukiwa bado hapa, pakawekwa komeo juu ambapo mtoto hafiki lakini mtu mzima anafungua kwa mkono mmoja huku amebeba mtoto. Ndoo zote zina mifuniko. Mafuta ya taa tumeacha kabisa kutumia, na dawa ya chooni na sabuni za maji ziko kwenye kabati la juu kwenye chupa zake mwenyewe zenye maandishi. Ukutani tumebandika kwa maandishi makubwa 114 ya zimamoto na 116 ya simu kwa mtoto. Lile jiwe kubwa la uani tumelizungushia uzio, Mwanza hatuwezi kuhama mawe ila tunaweza kuwazuia watoto kulipanda, na mvua kubwa ikinyesha babu mlinzi anaenda kwanza kuangalia yale mawe madogo ya nyuma kama yamesogea ndo watoto watoke kucheza.

Na tunafanya mazoezi ya moto kila mwezi. La kwanza lilituumiza roho. Kengele ikalia, watoto wakalia, tukatoka nje tukahesabu 45. Tukahesabu tena 45. Mmoja alikuwa amejificha nyuma ya kapu la midoli, amejikunja, ameziba masikio, na hapo ndo tulielewa kwamba mtoto mdogo akiogopa hakimbilii nje, anajificha. Sasa hivi kila anti ana watoto wake anaowajua kwa majina, ana kamba yenye mafundo wanaishika wote, na kabla hajatoka anapitisha mkono nyuma ya kapu na chini ya kitanda. Leo wanaohitimu watawaonyesha, muda si mrefu.

Mgeni rasmi sasa kwanini tunasema uje siku tumejaa. Wewe unajua, ila ofisini wengine pengine hawajui, kwamba kituo chetu kinaenda na mwezi wa angani. Mama zetu wengi hapa wanafanya kazi Mwaloni, wananunua dagaa, wanaanika, wanapakia. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwaiyo mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti na mitumbwi inakaa, kazi inakuwa ndogo, kina mama wanabaki na watoto wao nyumbani na hapa tunaweza kuwa na 25 tu. Kikija giza dagaa wanaingia, kina mama wanatoka nyumbani hata hakujakucha, na saa 12 asubuhi geti letu limejaa. Mkija kwenye mbalamwezi mtatukuta walezi watano kwa watoto 25, wamelala wamenyooka kwa nafasi, uji umepoa vizuri, kila mtu anatabasamu. Fomu itasoma vizuri lakini si kituo chenyewe. Njooni siku za giza, saa 12 na nusu asubuhi, wakati anti mmoja anapokea mtoto getini, mwingine anabadilisha nepi na mwingine anagawa uji, hapo ndo mtajua kama mikono inanawiwa kweli kwa sabuni kati ya nepi na kikombe, au ni maandishi ya ukutani tu. Sisi tunaona hapo ndo hatari zetu zote ziko, kwenye ule muda wa asubuhi. Tunajua mkija mtakuta makosa. Afadhali mkute nyie.

Ombi la pili, ripoti ya ukaguzi isiishie kwenye faili la mkuu wa kituo. Tunaomba kila mkaguzi akimaliza abandike nakala getini, kwa Kiswahili cha kawaida, nini kimekutwa na kinarekebishwa lini. Wazazi walikuwa hawajui habari ya kufuli mpaka tulipowaambia wenyewe kwenye kikao, na wawili walihamisha watoto, tuliumia lakini walikuwa na haki. Mama anayemuacha mtoto wa miezi 10 kwa mtu baki akaenda kubeba ndoo za dagaa ana haki ya kusoma.

La tatu ni hili la ofisi kutokuongea. Ustawi wanakuja siku yao, afya siku yao, zimamoto siku yao, na tunawapokea wote kwa moyo mmoja. Ila tuliambiwa na mmoja tuweke nondo madirishani sababu ya wezi na usalama wa watoto, tukachanga tukaweka, mwingine akaja akasema hizo nondo moto ukiwaka mmewafungia watoto ndani. Wote wawili walisema kweli. Fundi wa Igogo ndo alitutatulia, akakata dirisha moja kila chumba akaweka bawaba na komeo, lakini tulilipa mara mbili. Kama mngekuwa mnakuja pamoja hata mara moja kwa mwaka mkakubaliana mbele yetu, hizo hela zingenunua magodoro.

La mwisho si letu sisi. Huku mabondeni na juu kwenye mawe kuna mabibi wanalea watoto majumbani, watano, nane, mpaka kumi na kitu, kwa hela ndogo ya siku, hawajasajiliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inajulikana ofisini, kwa bibi haijafika. Wengine wana mapenzi na mikono mizuri kuliko sisi wenye cheti ukutani. Tunaomba msianze kwa kuwafungia, maana mkifunga wale watoto hawaendi kwenye kituo chenye leseni, wanaenda na mama zao Mwaloni kukaa pembeni ya maji. Waendeeni kama ulivyotuendea sisi, kwa magoti, waandikieni mambo yao na tarehe, sisi walezi tuko tayari kwenda nao siku za Jumamosi kuwaonyesha mambo ya ndoo, mafuta ya taa na namna ya kumlaza mtoto mchanga chali. Ila mgeni rasmi ukikuta mlango una kufuli, watoto wako ndani na mtu mzima hayupo, hapo usitoe tarehe.

Hayo ndo yetu. Pilau ipo, samaki sato wapo, keki ipo, na watoto wameandaa wimbo. Lakini tunakuomba kabla hujakata keki, usimame kidogo. Mlango wa nyuma uko pale pembeni ya turubai, hatujauandaa, hatujaupamba. Nenda ukaufungue wewe mwenyewe, kwa mkono mmoja, wazazi wakiona.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi walezi na wazazi, Kirumba, Mwanza.